Shuka, Mihayo

Shuka kwenye ngazi, Mihayo.
Polepole, na nyundo ichomeke kiunoni
isije ikaangukia paa.
Najua umekuja kwa wema, mwana wa dada yangu:
sahani ya wali, soda moja, adhuhuri kazi imekwisha.
Lakini paa hili halivunjwi.

Unaliona la kijivu, limeota kuvu kama gamba la kobe,
ukadhani ni saruji iliyozeeka.
Ni asbesto. Kota hizi za reli zote ziliezekwa hivi,
na siku tulipouziwa nyumba tuliuziwa na paa lake.
Likiwa zima, limelala.
Ukiligonga unaamsha vumbi usiloliona,
nyuzi nyembamba kuliko unywele wa kichanga,
zinapanda kifuani kama abiria wasio na tiketi
na hazishuki kituo chochote.

Sisi tulilichezea.
Kipande kilichomeguka kilikuwa chaki yetu:
herufi K, ya Kalunde, niliijulia barazani
kwa kipande cha paa.
Mama alikisaga, akasugulia sufuria mpaka zikang'aa.
Maji ya mvua tuliyakinga kwenye pipa, tukayanywa.
Hakuna aliyetuambia. Aliyejua, kama alikuwepo,
alikuwa mbali, anapiga chapa barua za watu wengine.

Baba alikohoa miaka saba.
Tukaita tumbaku, tukaita vumbi la karakana,
jirani mmoja akaita jina la mtu.
Daktari aliiinua picha ya kifua dirishani, akanyamaza.
Mpaka leo sijui. Sisemi ni paa.
Nasema sitaki kubahatisha mara ya pili.

Basi niliuza asali ya msimu mzima, madebe tisa,
na cherehani.
Wa kwanza alikuja na pikipiki na maneno mengi.
Nikamwomba leseni, akanionyesha ya pikipiki.
Nikamwuliza, mtalizika wapi?
Akaelekeza kidole kwenye korongo, nyuma ya shule.
Nikampa maji ya kunywa, nikamfungulia mlango.

Wa pili, Bi Nshoma, alitoka Mwanza kwa basi
na faili lenye mihuri.
Nilisoma karatasi zote, hata migongo yake.
Nikapiga simu ofisi iliyompa kibali, kuuliza kama wanamjua.
Hakununa. Alisema, "Asiyepiga ndiye anayenitia wasiwasi."
Bei yake ilinikalisha chini.
Nikainuka, nikalipa nusu.

Wanafika Alhamisi. Utaona kitu, Mihayo:
watu waliovaa meupe toka kisigino hadi utosi,
watoto wa kota watadhani ni mazishi ya maradhi mabaya.
Watazungusha utepe, watanyunyiza maji yenye sabuni
mpaka paa litoke jasho,
watalegeza parafujo moja moja,
washushe kila bamba kwa mikono minne
kama anavyoshushwa mgonjwa machelani,
nailoni mara mbili, gundi, maandishi mekundu,
hadi kwenye shimo lenye ruhusa.
Sisi tutalala kwa mjomba wako. Kuku pia.

Nitalikumbuka, sikudanganyi.
Oktoba, jua la Tabora likipasua ardhi,
chini yake palikuwa baridi kama ndani ya mtungi.
Mvua ikinyesha, ulisikia kama mtu ananong'ona jikoni.
Bati litatupigia ngoma usiku
na mchana litatukaanga.

Kenchi zinabaki. Ni mninga,
baba alizipaka dawa ya mchwa kwa mkono wake.
Bi Nshoma akishapima hewa, akatia sahihi,
njoo na nyundo yako hiyo hiyo, tupigilie bati.
Wali upo pale pale.

Sasa shuka.
Kanyaga hapa, futa nyayo kwenye kitambaa hiki kibichi.
Hapana,
usikikung'ute.